Ramani Isiyokuwa na Kaskazini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu alinikabidhi chaki sita, kitabu kimoja cha Jiografia na darasa la watoto arobaini. Kitabu chenyewe kilihusu Uingereza. Kufikia mchana, watoto wangu wa Nakuru walikuwa wamekariri mito ya nchi ambayo hakuna aliyeiona, mimi nikiwemo. Nilipowauliza maji ya mvua yanayoshuka mtaroni huenda wapi, walinikodolea macho. Yalikuwa yakienda ziwani, na ziwa lilionekana pale dirishani. Nilikasirika sana siku hiyo, na hasira ile ndiyo iliyonifunza kazi.

Nikaanza kufundisha kwa miguu. Kwanza kila mtoto alitembea kando ya kamba niliyoipima, ili aijue hatua yake mwenyewe. Kisha alihesabu hatua toka shuleni hadi mahali alipochagua, akachora njia yake, inchi moja kwa kila hatua mia. Hicho ndicho tulichokiita kipimo cha ramani. Na juu ya kila ramani nilitaka mshale wa kaskazini. Hapo sikuwa na mchezo. Mlima Menengai uko kaskazini ya mji, ziwa liko kusini, kwa hiyo mtoto wa Nakuru hana kisingizio. Asiyeweka mshale alibaki darasani wenzake wakienda kucheza.

Mkaguzi wa Shule, Mzungu mrefu aliyekuwa akifika na gari lililojaa vumbi, aliwahi kukuta nimelifungia darasa zima kwa kosa hilo. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mwalimu, wewe na kaskazini yako!" Toka siku hiyo aliniita Bwana Kaskazini, na watoto nao wakalidaka jina. Nilijifanya kuudhika, lakini kusema kweli nililipenda.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na wapiganaji wa msituni. Watu walikuwa wakisombwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, hasa Wakikuyu, na mtu alikaa mjini kwa kibali tu. Baba yake Wambui, seremala mmoja mpole, alikuwa na kibali hicho. Wambui alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita, hodari kwa mkono na msahaulifu kupita kiasi. Mimi, mtu wa magharibi ya nchi niliyekuja mjini kwa kazi, niliendelea kuwatuma watoto wakahesabu hatua kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ulikuwa upumbavu wangu, na sina wa kumsingizia.

Asubuhi moja, Mkaguzi akiwa ameketi nyuma ya darasa na daftari lake, mlango ulisukumwa. Aliingia Afisa wa Polisi na askari wawili. Mkononi alishika karatasi iliyookotwa barabarani. Niliitambua kabla hajaikunjua vizuri. Ilionyesha njia toka shuleni hadi kituo cha polisi, na kwa mwandiko safi: hatua mia tatu na kumi hadi kibanda cha askari.

"Nani nachora hii?" Afisa aliuliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha.

Watoto arobaini waliinamisha vichwa. Wambui, kwenye dawati la pili, aliyashika magoti yake kwa mikono miwili. Akilini nilimwona baba yake juu ya lori.

"Ni mimi, Bwana Afisa," nikasema. "Ni mfano wa somo. Niliuangusha njiani."

Aliitazama tena. Hakuwa mjinga; nadhani jeshini alisomeshwa ramani. Akagonga juu ya karatasi kwa kidole. "Wewe mwalimu ya ramani. Kaskazini iko wapi?"

Hapakuwa na mshale. Wambui alikuwa amesahau, kama kawaida yake.

Kiti kilisogea nyuma ya darasa. Mkaguzi alikuja mbele polepole, akaichukua ile karatasi, akaitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Huyu?" akamwambia Afisa. "Huyu husahau kaskazini kila siku. Nimeshamwandikia ripoti. Kwa ramani ni dhaifu kabisa."

Hakuna mtoto aliyecheka, wala aliyekohoa.

Ramani zote zilichomwa uwanjani mchana ule kwa amri ya Afisa, na mwisho wa mwezi nikahamishiwa Elburgon. Mkaguzi aliniletea barua ya uhamisho yeye mwenyewe. "Fundisha, lakini usiache karatasi," akaninong'oneza. Nikawafundisha watoto wa wapasuaji mbao kwa vumbi la mbao. Tulilikoroga na uji wa unga, tukalifinyanga juu ya ubao, tukapata Bonde la Ufa na kingo zake na maziwa yake, na baada ya somo tukalibomoa. Mpaka leo sijaona njia bora ya kumwonyesha mtoto bonde. Jaribuni, walimu wenzangu, hata kama shule yenu ina vitabu vya kutosha.

Yale maneno "dhaifu kwa ramani" Mkaguzi alilazimika kuyaandika kweli, yakabaki kwenye faili langu. Kila nilipoomba kupandishwa cheo, mkubwa fulani aliyasoma kwa sauti, nami sikumweleza yalikotoka. Yaliniuma, sitaficha. Mtu hujivunia kitu kimoja maishani, halafu hicho hicho ndicho anachoandikiwa kwamba hakijui.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ndogo. Mama mmoja mwenye mvi chache aliingia, akanishika mkono, na nikamjua kwa vile vidole vyake vya mchoraji. Baba yake, aliniambia, alifia mjini Nakuru, nyumbani kwake, akiwa mzee.

"Mwalimu," akasema Wambui, "ile ramani yangu ilichomwa hujaisahihisha. Ulikuwa unipe ngapi?"

Nilitaka kusema kumi kwa kumi. Neno lilifika mdomoni kabisa.

"Tisa," nikamwambia.

"Kaskazini?" Alikuwa akilia na kucheka pamoja.

"Kaskazini," nikasema, nami machozi yakanitoka.