Rafiki yangu ameniuliza kama hatuna wakili

Leo nimeambiwa nimewashinda waombaji wote kwa alama, halafu nikarudishiwa fomu yangu.

Nilikwenda na Hetal kuomba ufadhili wa kusomea udaktari chuoni. Tumesoma pamoja hapa Mwanza tangu chekechea. Yeye alizaliwa India, mimi Burundi.

Mama wa ofisini alisoma matokeo yangu akatabasamu. "Hongera sana, binti. Kibali cha ukaazi cha mzazi kiko wapi?"

Hetal akatoa cha baba yake.

Mimi nikasema cha mama kimeisha muda.

"Bila hicho sipokei, mwanangu. Na mwisho ni kesho."

Hapo Hetal akaninong'oneza, "Si mumpigie tu wakili wenu?"

Hakuwa akinicheka. Kwao wakili ni mtu wa kupigiwa simu. Mama yangu anauza mitumba soko la Mkuyuni, na akiona mtu mwenye sare anakunja turubai anaondoka.

Nikamjibu, "Tutampigia."

Nimepita sokoni. Kumbe mama alishawatangazia wenzake wote kwamba ufadhili nimeupata. Wamenishika mkono mmoja mmoja, "Hongera, daktari." Nami nikawaitikia, asante, asante.

Sasa tuko nyumbani, mama ananipikia pilau.

Nyie mngeanzaje kumwambia?