Baba Aliposhuka Kisimani

Kuna asubuhi moja, mwanangu, nitaikumbuka hata siku nitakayosahau jina langu mwenyewe. Keti hapa karibu, na hiyo simu itie mfukoni. Umeniambia umenunua kufuli ya kufungia bomba letu la maji hapa Matiliku, ili watoto wa jirani wasichote. Sitakujibu kwa hasira, ingawa hasira ninayo. Kwanza nikuambie habari za babu yako.

Baba yangu alikuwa askari wa Mwingereza katika vita vikuu vya pili. Walimtoa kwetu Ikutha akiwa kijana hajaoa, wakamvusha bahari mpaka Bama, yaani Burma, kwenye misitu ya mvua isiyokatika, kupigana na Wajapani. Alirudi na koti zito la kijani, filimbi ya shaba na kikohozi. Akaoa, akatuzaa, akachimba matuta shamba zima ili mvua isiubebe udongo. Tuliamshwa kwa filimbi kila alfajiri kama tuko kambini. Blanketi ikunjwe, uso uoshwe, ndipo uji. Tulilalamika, we! Lakini ndiye huyo huyo aliyetupakulia uji kwa mkono wake kabla yeye hajaonja, mwanamume wa Kikamba wa enzi zile. Majirani walimcheka ati jeshi lilimfundisha upishi, naye akacheka nao. Ndugu yangu wa mwisho aliposhikwa na surua, baba alimbeba mgongoni, akavuka Mto Athi, mpaka Kibwezi kutafuta daktari.

Jambo moja tu hakulizungumza, nalo ni vita. Ukimuuliza, anaokota jembe anakwenda zake shambani.

Sasa, ukawa mwaka wa ukame, miaka ya sabini ikianza. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, wachumba wameshaanza kupita pita. Ng'ombe walikuwa mbavu tupu, na mto wetu wa pale kijijini ulikuwa mchanga kutoka ukingo hadi ukingo. Kwetu maji ya kiangazi huchimbwa humo humo mchangani. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake, kimezungushiwa miiba, na aliyechimba ndiye aliyekunywa. Kusogeza miiba ya mwenzako kulikuwa kumtukana mbele ya watu.

Chetu kilikuwa kirefu. Mmoja alishuka mpaka chini kabisa kukomba maji kwa kata, wa pili akasimama katikati kwenye ngazi iliyochongwa mchangani, wa tatu akabaki juu. Debe likapanda mkono kwa mkono mpaka kwenye hori la ng'ombe. Aliye chini haoni kitu ila kipande cha mbingu, na uhai wake uko mikononi mwa walio juu.

Mzee Nzioka, wa ng'ambo ya mto, hatukuwa tukisalimiana naye. Fahali wake alivunja matuta yetu. Tena tulipoita mwethya, yaani majirani waje tusaidiane kuchimba kile kisima, yeye peke yake hakuja. Basi chake kikakauka. Asubuhi hiyo tukakuta miiba yetu imesogezwa, na Nzioka amesimama pale na ng'ombe wake na wanawe wawili, pinde mabegani.

Kaka yangu Kioko hakuuliza swali. Akatoa mshale kwenye podo, ile mishale yetu ya sumu, ambayo ikikupata huombi maji. Wana wa Nzioka nao wakatoa yao. Mimi nina debe kichwani, moyoni nasema leo tunazika mtu.

Baba akafika nyuma yetu. Hakupiga kelele. Alivua koti lake la Bama, akalikunja kama alivyotufundisha kukunja blanketi, akaliweka mchangani. Kisha akachukua kata, akashuka kisimani.

"Mzee, toka humo!" Kioko akalia. "Watakuulia humo ndani!"

"Mwikali," sauti ikatoka chini, "leta hilo debe, ushike nafasi yako. Kioko, wewe pokea. Ng'ombe wana kiu."

Nikashuka mpaka katikati, nikampa debe. Likarudi limejaa, nikaliinua juu ya kichwa. Sasa niambie, mwanangu, debe lililojaa maji hupokewa kwa mkono mmoja? Asipolipokea, linamwangukia baba. Kioko akatupa upinde, akalishika kwa mikono miwili, akamwaga horini huku machozi ya hasira yakimtoka. Na wa kwanza kunywa alikuwa fahali yule yule aliyevunja matuta yetu!

Hapo ndipo baba akazungumza, kule chini, haonekani, anakomba tu.

"Kule Bama niliwekwa kulinda kijito. Akaja kijana wa Kijapani. Hakuwa na bunduki, alikuwa na kikopo. Nikampiga risasi. Nilipokwenda kumtazama, kikopo bado kiko mkononi. Alikuwa na kiu tu. Kioko, pokea debe."

Nikasikia mtu anahema juu yangu, kumbe ni Nzioka. Aliwaambia wanawe waweke pinde chini, akavua shati, akashuka akanipita. Baada ya muda baba akapanda, amelowa hadi kiunoni, na Nzioka amebaki chini anakomba. Tuliendelea hivyo mpaka ng'ombe wa nyumba zote mbili wakashiba.

Usidhani walikumbatiana. Thubutu! Waliendelea kununiana juu ya yale matuta miaka na miaka. Lakini miiba yetu haikumzuia Nzioka tena.

Baba alifariki miaka ya tisini, mzee wa wajukuu wengi, akawapulizia nao filimbi mpaka pumzi ikamwishia. Kilikuwa kiangazi tena. Unajua matanga yanavyokula maji, chai ya wageni, muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa, kunawa mikono. Kisima kilikuwa kimepungua, nami nalia mara mbili, namlilia baba na nalilia aibu. Asubuhi ya mazishi nikasikia kengele za punda. Walikuwa wana wa Nzioka, wale wale wa pinde, sasa wana mvi, na kila punda amebebeshwa mitungi. Mkubwa wao akaniambia, "Mwikali, mzee wetu kabla hajafa alituagiza. Siku yule askari akizikwa, nyumba yake isikose maji."

Nikaketi chini. Kioko, yule mkali, alitoka mbio akapokea mtungi wa kwanza kwa mikono miwili.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mtu akija kwako na kiu, usianze kumuuliza ni mtoto wa nani na alikukosea nini. Mpe maji kwanza. Ugomvi wako utaukuta pale pale ulipouacha, hauendi popote. Babu yako alijifunza hilo kwa kikopo cha mtoto wa watu, na hakupata siku ya kumwomba msamaha.

Kufuli iache hapa mezani. Lete viganja nikutemee mate ya baraka, kama baba alivyonitemea mimi. Mungu akupe maji hata mwaka wa njaa, akupe na jirani wa kunywa naye. Ukiwa chini kisimani, asikose mtu juu wa kupokea debe lako. Haya, inuka. Watoto wa jirani wako langoni na mitungi yao, nenda ukawafungulie.