Chemko la Wimbo wa Mpagazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilishushwa jukwaani kabla bendi haijapiga hata wimbo mmoja. Nilikuwa kijana wa kuunga waya katika duka la fundi redio mjini Tabora, na nilijiona naujua umeme wote ulioletwa duniani. Nikaisimamisha maikrofoni ikitazama spika. Ukumbi mzima ukalia mluzi, watu wakaziba masikio, na Mkuu wa Mitambo akanishika ukosi akanitoa taratibu, kama mtu anayemtoa kuku sebuleni.

Mluzi, kwa ninyi msioifahamu kazi hii, ni sauti inayotoka kwenye spika, ikaingia tena kwenye maikrofoni, ikazunguka hivyo hivyo mpaka inapiga kelele yenyewe. Dawa yake ni kuipa maikrofoni mgongo wa spika na kupunguza sauti kwa wakati. Hilo nililijua. Nilikuwa nimesahau tu.

"Ulikuwa unafanya nini pale?" Mkuu aliniuliza nje.

"Nilikuwa nasikiliza gita likijaribiwa, Mkuu."

"Hapo ndipo ulipokosea. Gita linasikilizwa na waliokuja kustarehe. Wewe sikiliza kinachotaka kuharibika."

Alinirudisha ndani, na neno lake nikalishika mpaka nilipostaafu. Nasema bila kuficha: lilinipa mkate, na lilininyima kitu kikubwa.

Bendi yenyewe iliitwa Bendi ya Miombo. Kiongozi wake alikuwa Shija, mpiga gita la solo, mtu mrefu mpole aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Wengine walipiga besi, drams na kinanda cha umeme kilichokuwa kizito kuliko mimi. Siku za kawaida walipiga dansi kama bendi zote. Wimbo unaanza polepole, waimbaji wanaimba kisa chao, wachezaji wameshikana kiungwana. Halafu linakuja chemko, yaani sehemu ya kasi, magita yanakimbizana na hakuna anayebaki kitini. Kwa watu wa Tabora wimbo usio na chemko ulikuwa harusi isiyo na pilau.

Ndipo Kiongozi akaleta wimbo wa Mpagazi. Ulimfuata mtu aliyebeba pembe begani kutoka Ujiji kwenda pwani, kwa njia ile ile ya misafara iliyopita kwetu. Ulichukua karibu dansi zima la Jumapili mchana. Mapigo yalibadilika kila mpagazi alipobadilisha ardhi, na mahali pengine mguu wa mchezaji ulikuwa haujui utue wapi. Maneno yalikuwa machache sana. Magita na kinanda ndivyo vilivyosimulia.

Jumapili ya kwanza watu walisimama wameshikana mikono na wenzi wao, wakisubiri. Wakasubiri. Wakaanza kupiga kelele: "Chemko! Chemko!" Bwana mmoja akapaza sauti, "Kiongozi, huyo mpagazi wako kabeba reli?" Ukumbi ukaangua kicheko, na hata Shija alicheka, lakini vidole vyake havikutoka njiani.

Kilichonishangaza ni Jumapili zilizofuata. Watu walirudi, tena na mikeka. Walitandika katikati ya ukumbi, wakakaa, wengine wakafumba macho. Meneja wa Ukumbi alitujia juu: "Mnanifanyia nini? Ukumbi wa dansi umegeuka msiba!" Kiongozi akamjibu kwamba hata msibani watu huja kwa kupenda. Tulipokwenda Nzega na Urambo, tulikuta habari ya mikeka imetutangulia.

Wakati huo Mkuu alikuwa ameniachia mtambo wa sauti. Mimi na Kiongozi tulisemezana kwa mkono, kwa sababu jukwaani huwezi kuitana. Kidole kikiinuliwa, maana yake ongeza. Kiganja kikishushwa, punguza. Sasa mwisho wa Mpagazi ulikuwa hivi: mapigo yanaanza kukaza, watu wanainuka kwenye mikeka wakijua chemko hilo limefika, na hapo hapo Kiongozi ananishushia kiganja. Napunguza, napunguza, mpaka ukumbi wote ni kimya. Kila mara ilikuwa hivyo. Watu walitoka wakibishana hadi barabarani.

Siku moja, tukipakua vyombo Nzega, nikamuuliza kwa nini hamfikishi yule mtu.

"Babu yangu alitoka kwetu na mzigo begani, Salumu," alisema. "Hakurudi. Hatukupata kujua kama aliiona bahari. Nitamfikishaje kwa gita mtu ambaye sijui kama alifika?"

Baadaye alikuja bwana mkubwa wa kurekodi, akaupenda wimbo, akaomba ukatwe uwe mfupi wa kutosha kwenda redioni. Kiongozi akamwambia, kwa heshima kabisa, "Bwana, mpagazi hakatwi miguu ili aenee mlangoni." Yule bwana akarekodi nyimbo zetu nyingine akaenda zake. Mpagazi akabaki vichwani mwa watu tu.

Bendi ilivunjika kama bendi nyingi zilivyovunjika. Mmoja alihama, mwingine aliokoka, kinanda kikafa. Mimi nikachukuliwa kufunga vipaza sauti kwenye mikutano, chini ya Afisa Utamaduni aliyependa kuhutubia huku akiipiga maikrofoni kwa kalamu. Nilimvumilia mpaka nikastaafu. Siku hizi nalima mahindi kidogo, na masikio yangu yanapiga mluzi yenyewe bila spika.

Mwaka huu alinijia Veronika, binti wa Shija, mwalimu kule Isikizya. Baba yake alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umelala na ulimi ulikuwa umefungika.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anasikia kila kitu, ila hawezi kusema. Baba mdogo, nimekuja kuutafuta wimbo wa Mpagazi. Nina wanafunzi wanaopiga magita, wanaweza kufundishwa. Nataka baba ausikie tena. Wenzake wa jukwaani wote wametangulia, umebaki wewe. Akiondoka nao, basi, umekwisha."

Nilitamani kumpa. Lakini nilichokuwa nacho ni nini? Nilijua wimbo ule ulipounguruma, spika ilipochanika, mahali mluzi ulipotaka kuingia. Mwendo wenyewe, ule uliowafumbisha watu macho, haukunikaa. Nilimwambia hivyo, akadhani natania. Alipoona sitanii akainamisha kichwa, na mimi nikaona uchungu ambao sikuwahi kuuona nikiwa kazini.

"Basi tuwatafute wa mikeka," nikamwambia. "Wale walikuwa wanasikiliza."

Habari ikapita sokoni, kanisani, msikitini na kwenye simu za wajukuu. Jumapili mchana wakaja nyumbani kwa Shija, Itetemia. Wengi walikuwa na fimbo, na karibu wote walikuwa na mikeka. Wakatandika uani kumzunguka Kiongozi aliyekuwa ameegemezwa kwenye kiti, na kofia yake kichwani. Veronika akaweka simu katikati inase sauti.

Mama Zuhura, aliyekuwa akiuza asali sokoni na hakukosa dansi hata moja, ndiye aliyeanza. Alipiga mapaja yake: miguu ya mpagazi ikitoka Ujiji. Wengine wakaingia kwa midomo. Halafu wakakwama, kila mmoja akivutia kwake.

Mzee Nestori, mkulima wa Ulyankulu aliyekuwa akija kwa baiskeli tangu ujana wake, akainua mkono. "Hapo ni Malagarasi," alisema. "Nakijua kile kinanda. Sisi tulivuka mto ule tukitoka Burundi, mama yangu na sufuria kichwani. Nilipousikia wimbo huu mara ya kwanza nilijiuliza, huyu bwana ameniona wapi?" Akauimba mto wote peke yake, kwa sauti ya kutetemeka, na hakuna aliyemkatiza.

"Baada ya mto?" akauliza Veronika.

Wakabishana tena. Na mimi nikakumbuka kwamba baada ya kinanda nilikuwa nakimbilia spika ya kushoto, kwa sababu ilitikisika. Kilichoitikisa ni nini? "Besi!" nikasema. "Besi peke yake!" Bwana mmoja aliyekaa nyuma akaitoa kifuani papo hapo, mpagazi amepumzika Tabora. Tukaendelea hivyo. Wao waliukumbuka wimbo, mimi nilikumbuka kasoro zake, na kila kasoro ilikuwa fundo la kuungia kipande na kipande. Tukapita Ugogo na kiu yake. Mapigo yakaanza kukaza, wazee wakaanza kujiinua kwenye mikeka, na magoti yakilalamika.

Hapo Mama Zuhura akasema, "Sasa chemko!"

"Chemko gani?" Nestori akamjibu. "Halikuwapo, mama. Mpagazi alibaki njiani."

"Lilikuwapo! Mimi nimelicheza mpaka nyumbani!"

"Ulilicheza nyumbani kwa sababu ukumbini halikupigwa!"

Wakanigeukia. Nilikuwa shahidi, na nilijua nani mkweli, kwa kuwa mkono uliokuwa ukimnyamazisha mpagazi ulikuwa huu wangu. Nilifungua mdomo niseme. Lakini desturi ya kazi haifi. Kabla ya kugusa sauti yoyote, nilimtazama kwanza Kiongozi.

Shija alikuwa ananitazama. Machozi yalikuwa yanamshuka upande mmoja wa uso. Mkono wake wa kushoto uliinuka kwenye blanketi, nami nikangoja kiganja kishuke. Hakikushuka. Kilikunjika polepole, kikabaki kidole kimoja tu, kimeelekea juu.

Ongeza.

Mama Zuhura akalianza, lile alilokuwa akitembea nalo kichwani miaka yote, na ua mzima ukampokea. Nestori naye alikuwa amesimama. Sikuwa na mtambo wala kitufe cha kuzungusha, na hapakuwa na kitu cha kuharibika. Nikaongeza kwa koo langu mwenyewe.