Nusu ya Uso wa Baba

Mimi hasira zangu ziko karibu, na picha ile ilianza kwa hasira. Nilikuwa saluni pale Hamugembe, nasukwa, nikamsikia mama mmoja anasema watu wa visiwa vya ziwani hawana kwao: wanakuja na nyavu, wanazaa, wanaondoka. Wenzake wakacheka. Nikawauliza, kwani nyie kwenu kuna nini cha ajabu, migomba? Msusi akanivuta nywele makusudi ninyamaze. Sikunyamaza, lakini nilipotoka nilijua kelele zangu hazijamwingia mtu. Kazi yangu ni picha. Nikasema nitawatengenezea uso ambao watashindwa kuubagua.

Picha zangu nazishona kuliko ninavyozichora. Natandika lubugo, ile nguo ya magome ya mti waliyovaa mababu zetu, nabandika karatasi na vipande vya khanga, kisha napitisha nyuzi za mgomba. Safari hii niliwaza uso mmoja wenye nusu mbili: kushoto Mhaya mwenye kibanja chake cha migomba, kulia mvuvi wa visiwani. Mhaya sikumtafuta mbali. Nilikuwa na picha ya marehemu baba, aliyopiga studio mjini akiwa bado ana nguvu zake, amekaza shingo utadhani anakaguliwa. Mvuvi nilimfuata visiwa vya Muleba, na ile boti ilinitapisha mpaka nikajuta kuzaliwa.

Kule mwaloni, boti za uvuvi zinapotia nanga, wanaume walikuwa wengi, nami nikamwendea mmoja tu, bila kufikiri. Alikuwa anaziba wavu uliochanika, mtu aliyenizidi umri kidogo. Nikamwambia, kaka, naomba nikupige picha.

"Mimi, dada? Na vijana wazuri wote hawa?"

"Wazuri siwataki."

Tukacheka. Nikamkalisha vilevile alivyokaa baba, shingo imekazwa, nikampiga kwa simu. Katika maongezi nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema kwao ni pale alipo mama yake. Baba hamjui, na mama yake hapendi kabisa kuulizwa habari hizo. "Hata nikifa sijui nitazikwa kwa nani," akasema, na safari hii hakucheka.

Nyumbani nikazichapisha zile picha mbili kwa ukubwa mmoja, nikazipaka maji ya kahawa zilingane rangi, nikazichana katikati ya pua na kuziunganisha. Jamani! Nyusi zilikutana. Pua ikawa pua. Hata kile kishimo cha kidevuni, kilichoanzia kwa baba, kiliishia kwa mvuvi. Nikapiga vigelegele peke yangu kibarazani, mtu mzima mimi. Nikajiona fundi! Nikamtumia mvuvi wangu kwenye WhatsApp, nikaandika, "Ona mambo hayo." Niliona kwamba ujumbe umesomwa. Hakunijibu.

Kesho yake nikaibeba picha hadi Kamachumu kwa mama, maana sikutaka sura ya baba itundikwe kwenye maonyesho mjini kabla mama hajaridhia. Aliyeiona kwanza ni kaka yangu, anayeishi pale na mama.

"Baba huyu. Sasa mbona umemvalisha mashati mawili?"

Nikamwambia atazame vizuri, nusu moja siyo baba. Akasema acha utani. Akaziba upande mmoja kwa kiganja, akaziba na wa pili, akarudia tena.

"Huyu wa kulia ni nani?"

"Mvuvi tu wa kisiwani."

Kaka akaacha kutabasamu. Wakati huo mama akawa anatoka jikoni, anajifuta mikono kwenye khanga. Akaitupia picha jicho mara moja.

"Funika," akasema.

"Mama, hata hujaitazama."

"Nimesema funika!"

Mama yangu hapazi sauti, hata mbuzi wa jirani akiingia kibanjani. Nikafunika. Jioni hakugusa chakula. Na mimi, pamoja na mdomo wangu wote huu, nilishindwa kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa na sikutaka. Baba? Baba yule wa jumuiya, wa rozari kila jioni, aliyenichapa kwa kuchelewa misa? Damu ilinichemka. Nililala namsuta mtu aliye kaburini.

Kabla usingizi haujanichukua simu yangu ililia, alikuwa mvuvi. "Dada, uko wapi? Nakuja kuiona hiyo picha." Ningeweza kumdanganya, lakini ulimi ulinitangulia, nikamwelekeza mpaka mlangoni.

Alifika kesho yake mchana, ameshika sangara kwenye mfuko. Mlangoni akavua kofia, na mama, aliyekuwa amekaa anamenya ndizi, akauona ule uso mzima.

"Mawe!" mama akasema. Alikuwa anamwita mama yake aliyekwishakufa, kama tunavyofanya Wahaya tukiogopa.

"Shikamoo, mama," mvuvi akasema. Hakuitikiwa. Akanigeukia mimi. "Dada, nataka kujua kitu kimoja tu. Hiyo nusu nyingine ni ya nani?"

"Ya baba yangu. Tulimzika mwaka juzi."

Mama akaniambia kwa Kihaya, "Muulize mama yake anaitwa nani." Nikamuuliza kwa Kiswahili, maana Kihaya hakijui. Akataja jina. Mama akafumba macho, akaanza kusema, kwa Kihaya, akiitazama sakafu, na kila neno lilinichoma.

"Anasemaje?" mvuvi akaniuliza.

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Haki ya Mungu, mimi! Mama akaona. Akaanza upya mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kanisani, polepole.

"Mama yako alikuja hapa na wewe mgongoni. Mimi nilikuwa bibi harusi wa juzi. Mzee alitaka kukupokea. Nikamwambia achague, mimi au nyinyi. Nikamtoa mama yako kwa fagio mpaka barabarani, na mvua inanyesha."

Mama hakuishia hapo. Kwetu, kabla ya kuzika, msemaji wa ukoo huwaita watoto wote wa marehemu wajulikane, hata waliozaliwa nje, kila mmoja arushe udongo.

"Siku ya mazishi msemaji aliuliza kama kuna mtoto mwingine," mama akasema. "Nilikuwa najua yupo. Nikanyamaza."

Sikushtuka hivyo hata siku tuliyopigiwa simu kwamba baba amekata roho. Usiku kucha nilikuwa nimemsuta baba, kumbe mwenye kisa ndiye aliyenipikia uji asubuhi ile. Nilitaka kumfokea. Nilitaka pia kumshika mkono. Nikabaki nimesimama tu kama mjinga.

Mvuvi alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Kwa hiyo alinitaka?"

"Alikutaka," mama akasema. "Alikutaka mpaka anakufa."

Akajifuta uso kwa ile kofia. "Basi ndiyo maana."

"Maana ya nini?" nikamuuliza.

"Nimekuja na mama. Dada uliponitumia picha, aliichukua simu, akaing'ang'ania siku nzima, hakuniambia kitu. Leo amenisindikiza mpaka hapo barabarani, penye mibuni. Nimemwambia tuingie wote. Amekataa. Amesema nyumba hii anaijua."

Kisu kikaanguka kwenye maganda. Mama akasimama, hakutafuta hata kandambili, akapita katikati yetu akatoka. Tulimsikia uani, halafu njiani, akiliita lile jina la mama wa mvuvi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Aliita, akaita tena, na huko barabarani hakuna aliyeitika.