Moyo wa Mtoto wa Mwalimu

Chuoni walimwita Waya. Tangu siku ya kwanza ya masomo ya ukunga hakuonekana bila waya kuning'inia masikioni, na hata alipopata hedfoni zisizo na waya, jina liligoma kung'oka. Alikula nazo, akafua nazo, akalala nazo, muziki juu kabisa, eti mwenzake wa chumbani anakoroma kama mashine ya kusaga. Kila asubuhi masikio yalikuwa yakivuma. Jamani, mtu anasomea kusikiliza watoto tumboni, masikio yake yanampigia kelele, naye anajiambia ni uchovu tu!

Siku ya mazoezi kliniki ya wajawazito, alikabidhiwa kipembe cha mbao cha kusikilizia mtoto. Kitandani alilala mwalimu wa chekechea, ambaye mimba zake za nyuma zote ziliharibika. Waya akaweka sikio kwenye kipembe na macho kwenye saa. Du... du... du... Akahesabu, kisha akaropoka mbele ya mama mwenyewe, "Mapigo ya mtoto yako chini sana!"

Mama wa watu akalikumbatia tumbo. "Nesi, mwanangu anakufa?"

Sista, mkunga aliyekuwa akiwafundisha, alikuja mbio, akainama, akasikiliza. "Mzima kabisa, mama. Anakimbia huyu, hana habari na sisi." Kisha akamvuta Waya nyuma ya pazia. "Binti, umehesabu damu ya mama mwenyewe inavyogonga. Mtoto hukumsikia hata kidogo."

Waya akajishika masikio. "Nisiposikia, Sista, nitakuwa mkunga wa nini?"

Sista angeweza kumrudisha chuoni siku ile ile, na nani angemlaumu? Badala yake alimshika mkono, wakaenda kwa mpimaji wa masikio. Waya akafungiwa kwenye kijichumba, abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Alikaa na kitufe mkononi, akingoja na kungoja.

"Umeyachosha kwa kelele," mpimaji alimwambia. "Ukiyapumzisha, huenda usikivu fulani ukarudi. Kilichokwisha kuharibika ndiyo basi."

Hedfoni zikaingia mfukoni mwa Sista. Kule kliniki, Waya aliendelea kupima presha na kutandika vitanda, ila kipembe haruhusiwi kukigusa. Roho ilimuuma, lakini Sista hakumwacha hivi hivi. "Siku ukikishika tena, shika na mshipa wa mkono wa mama. Ukisikia vinakwenda pamoja, huyo si mtoto." Na yule mwenzake wa chumbani, kupata habari tu, akahamia kulala kwa ubavu. Kila asubuhi anauliza, "Jana nimesaga?" Mungu ambariki, alisaga kidogo tu. Taratibu kuvuma kukaanza kupungua.

Yule mwalimu wa chekechea aliporudi kliniki, Waya alijificha nyuma ya pazia.

"Yule binti wa siku ile yuko wapi? Aje yeye."

Waya akatoka, uso chini. "Mama, nilikutisha."

"Ulinitisha sana. Ndiyo maana nataka uniambie wewe mwenyewe kwamba yuko mzima."

Sista akamsogeza Waya kitandani. Alimpa kipembe.

Waya akashika mshipa wa mama, akainama. Vidoleni, du... du... Sikioni, hamna. Akahamisha kipembe kidogo. Mvumo ule wa zamani ulikuwepo, mwembamba, na chini yake, mbali, kitu kikikimbia: dudududu. Akaogopa kukiamini. Akaanza kukigonga kwa kidole kwenye kiganja cha mama, pigo kwa pigo, haraka haraka, mpaka mama akacheka huku analia.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye, mama. Ndiye!" Machozi yakamlenga Waya, akamtazama Sista. "Asante, Sista. Ungeweza kunifukuza, lakini..."

"Usiongee," Sista alisema, naye akijifuta macho. "Hesabu."