Damu Safi ya Mama Kobe

Mtaani kwetu dada yangu anaitwa Mama Kobe, wala hakasiriki. Kazi yake ni ya maabara. Kobe wa mtoni huletwa kwa ndoo, naye huchukua mmoja, akamvuta shingo taratibu, akamsubiri aache ubishi, kisha akamtoa damu. Husema kobe ana kiburi kuliko mume, na shemeji yangu hucheka shingo upande.

Damu hiyo hupimwa sumu za kiwanda cha ngozi kilichoko huko juu mtoni. Na mto ni uleule tuliokulia kando yake, tukanywa maji yake, tukala samaki wake na kushiba.

Binti yake, kifungua mimba wake, alipokaribia kujifungua, dada aliingiwa na wasiwasi. Akamwomba bosi wake ampime na yeye. Bosi ni mtu mwema, akakubali. Majibu yalipotoka alikuja mbio.

"Mama Kobe, hongera! Damu yako safi kabisa. Hata kobe wangu watakuonea wivu."

Dada akashukuru, akacheka, akarudi kwenye meza yake. Hapo palikuwa na kobe jike aliyekwisha kutaga. Damu ya majike wa namna hiyo huwa safi kuliko ya madume, na bosi mwenyewe ndiye aliyemweleza sababu alipoanza kazi: sumu huhamia kwenye mayai. Jike hujisafisha kwa kuwapa watoto. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Jioni nilimkuta ameketi kwenye ngazi za hospitali ya uzazi, mkoba mapajani.

"Sumu yangu nimempa mwanangu," akaniambia. "Yeye ndiye aliyeninyonya kwanza, mdogo wangu, na ndiye aliyenyonya sana. Nilikuwa nikimwimbia."

"Dada, usijitese. Ungejuaje?"

Maneno yangu yalikuwa upuuzi mtupu. Nilitamani kwenda kukichoma moto kile kiwanda, nami hata jiko huwa linanishinda kuwasha.

Tukaingia wodini. Binti alikuwa amejifungua salama, anameremeta kwa jasho na furaha, kichanga kifuani.

"Mama, Mjomba, njooni muone! Ananyonya utadhani ameshinda njaa mwaka mzima. Huyu simwachishi mpaka aote meno yote." Kisha akakumbuka. "Na majibu yako, Mama?"

"Safi," dada akasema. "Damu yangu ni safi."

"Si nilikwambia!" Binti akacheka, akamhamishia mtoto kwenye titi la pili.