Somo la Jeska la Kuuliza Kwanza

Mpwa wangu Jeska akili karithi kwangu, asikudanganye mtu. Baba yake alikuwaga mtu wa kulala tu. Mimi niliishia la saba. Yeye kafika chuo kikuu, kawa mwalimu wa kompyuta.

Somo lake lilikuwa moja: kabla hujatengeneza programu, nenda kamuulize atakayeitumia anahitaji nini. Nenda kwake, ukanyage mavi ya ng'ombe. Mkuu wa idara yake chuoni aliyaita hayo matembezi tu. Akasema atakuja Butiama kuona matunda yake. Asiporidhika, Jeska ananyang'anywa somo.

Nyumba ya kwenda kuuliza niliwatafutia wanafunzi wake mimi, nani mwingine? Kwa jirani yangu wa hapa Mwitongo, Butiama, Mzee Keraryo. Anayekamua na kuuza maziwa pale ni mke wa mwanawe, Matrida. Wanafunzi wakamuuliza Matrida shida zake, Keraryo kakaa hapo hapo. Matrida akatazama chini. Mbele ya baba mkwe hasemi. Keraryo akajibu yote, utafikiri ndiye anayeshika chuchu. Programu waliyotengeneza ikawekwa kwenye simu ya mzee.

Nikamnong'oneza Jeska, "Mama, watoto wako wanahoji ukuta."

"Waache, mjomba. Nikiwaambia watasahau. Wakikosea wenyewe, hawasahau."

Siku ya mkuu wa idara, simu ikalia juu ya kiti cha Keraryo: gari la maziwa linakaribia. Ukibonyeza, linasimama. Mwenye simu alikuwa chooni.

"Bonyeza basi, mama," mkuu akamwambia Matrida.

Matrida akarudi nyuma na ndoo yake. Simu ya baba mkwe, kwenye kiti cha baba mkwe, aishike? Gari likapita.

"Sasa wameelewa," Jeska akasema. "Wiki ijayo wanarudi kumuuliza Matrida peke yake, jikoni."

"Mwalimu, chuo hakinunui mafuta ili watu wakajifunze kushindwa."

Somo kapewa kijana anayesoma slaidi. Mtihani uliuliza: taja njia tano za kukusanya mahitaji ya mtumiaji. Wakafaulu wote, na Jeska ndiye aliyewasimamia wakiandika. Siku hizi kazi yake ndiyo hiyo, kuzunguka kati ya madawati kama askari.

Juzi Matrida kamuuliza mke wangu Yuliana, "Wale watoto wanakuja lini? Vigoda nimeshapanga jikoni. Safari hii nina mengi ya kusema."

"Nimjibuje?" Yuliana akaniuliza.

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikachukua fimbo nikaenda kutazama ng'ombe.